Mlango wa Kuinama

Vijana wa chama chetu cha waashi, siku ile mliyoniaga kwa soda na maandazi mliniomba niandike niliyojifunza kazini. Najua mlitegemea kurasa mbili kuhusu mchanga na sima, yaani saruji. Vipimo hivyo mnavijua, na msipovifuata si kwa sababu hamkuandikiwa. Mimi nitaandika kuhusu mlango mmoja. Nimejenga milango mingi Nakivale na Mbarara, na karibu yote nimeisahau, lakini huu nimekuwa nikiuota kwa zaidi ya miaka ishirini. Mke wangu ni shahidi, maana yeye ndiye aliyekuwa akipigwa mateke.

Nilifika Nakivale, makazi ya wakimbizi kusini mwa Uganda, kutoka Walungu, Kivu ya Kusini, nikiwa kijana asiye na ufundi wowote ila kulima mihogo na kubishana. Aliyenipa kazi ni fundi Salvatori, Mrundi mwembamba aliyekuwa akiyasemesha matofali kwa upole na watu kwa ukali. Siku ya kwanza aliniuliza kama najua kujenga. Nikasema najua sana. Akanipa timazi, ile kamba yenye kipande cha chuma mwishoni, akaniambia nipande jukwaani nipime ukuta. Nikaifunga kiunoni nikapanda, nikidhani ni ya kumzuia mtu asianguke.

Hakucheka. Alisema, "Yewe Mugisho, hiyo ni ya kupima kama ukuta umesimama wima. Wewe hatuna haja ya kukupima, tunakuona."

Pimamaji hakuwa nayo. Alitumia chupa ya plastiki iliyojaa maji nusu, akiilaza juu ya matofali na kuyatazama maji yametulia vipi. Siku moja ya jua kali niliyanywa yale maji bila kufikiri. Ukuta niliojenga mchana ule bado upo, na mpaka leo umeinama kidogo kuelekea Tanzania. Sima ilikuwa adimu, kwa hiyo tulijengea udongo wa kichuguu, uliochimbwa, ukapondwa, ukalowekwa na kukanyagwa mpaka ukawa laini. Ukipata mtu anayeudharau udongo huo, mpe sururu aende akabomoe kichuguu, halafu arudi mzungumze.

Kazi yetu kubwa ya kwanza ilikuwa kanisa la kilimani. Kijiji cha kule tulikiita Juu, nyumba zake zikiwa zimeshikilia mteremko kana kwamba kila moja inaogopa kuitangulia nyingine kuteremka. Padre wetu alikuwa na picha ya kanisa moja la Ufaransa, la enzi za kati, lililokuwa juu ya kilima na kijiji chake, ambalo watu walikwenda kuhiji kwa miguu. Yeye mwenyewe alilipandia mara mbili, mara ya kwanza akiwa mwanafunzi na mara ya pili akiwa na mvi. Alituambia kwamba safari ya pili hakukuta kitu kilichobadilika ila magoti yake. Kuta zake zilikuwa nene, madirisha madogo, na kila uwazi umefunikwa kwa tao la nusu duara. Juu ya mlango mkubwa palikuwa na ubao wa jiwe uliojaza nusu duara yote, umechongwa watakatifu. Padre alitaka na sisi tuwe na kanisa kama lile, watu wapande kilima chetu kusali.

Salvatori aliishika ile picha muda mrefu. Akauliza, "Hawa walikuwa na nondo?"

"Hapana," akasema padre.

"Sima?"

"Hapana."

"Basi na sisi hatuna. Tuko sawa."

Nieleze kidogo, kwa wale wenye kupenda kumwaga zege kila mahali. Tao la matofali halina kitu cha kulishika ila matofali yenyewe, yakisukumana. Lakini mpaka lifungwe lote na kukauka, linahitaji kulala juu ya kitu. Kwa hiyo unatengeneza nusu duara la mbao, unalisimamisha juu ya nguzo mbili, unapigilia kabari chini yake, kisha unapanga matofali juu. Sisi Wakongo tunaziita mbao hizo kofraje. Tao likishika, unagonga kabari zitoke, kofraje inashuka, unaiondoa. Kugonga huko kwa kabari ndiko kunakomtenganisha mwashi na mtu anayepanga matofali. Kabla yake, hakuna anayejua umejenga nini, hata wewe.

Tao la kwanza nililofunga peke yangu lilikuwa la dirisha dogo la pembeni. Nilikuwa na haraka ya kujionyesha, nikagonga kabari kabla ya wakati. Tao lote likashuka kwa kishindo juu ya sufuria ya maharage ya Salvatori, aliyoiweka kivulini. Hakuumia mtu. Salvatori aliinama, akatoa tofali moja ndani ya mchuzi, akaliangalia, akalirudisha. Akaenda kukaa chini ya ukuta mwingine. Watu hucheka nikisimulia, nami hucheka nao, lakini siku ile kitu kiliingia ndani ya mikono yangu na hakikutoka upesi.

Tao la mlango mkubwa tulilifunga pamoja. Salvatori aliniachia niweke tofali la juu kabisa, lile la kati linalolifunga. Wiki hiyohiyo jina lake likatokea kwenye orodha ya wanaorudi Burundi. Asubuhi ya safari alikuja mpaka kanisani na mzigo wake kichwani, akalitazama tao, akaliambia tao, si mimi, "Wewe uko sawa." Kisha akanigeukia. "Wiki tatu. Halafu gonga kabari, toa mbao. Usiogope." Akaondoka, na kazi ikabaki mikononi mwangu.

Wiki tatu zikapita. Nilikuwa nikichukua nyundo, nafika chini ya tao, nasikia kishindo cha maharage, narudi. Nikasema liongezwe wiki moja, kwa sababu ya unyevu. Kisha moja tena, kwa sababu ya jua. Sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria ilikuwa imekaribia na padre alitaka kufungua kanisa. Basi siku moja, nikiwa peke yangu, nikafanya jambo ambalo nawakataza kwa nguvu zangu zote. Zile nguzo mbili nilizizungushia matofali na udongo mpaka zikaonekana kuwa sehemu ya ukuta. Nusu duara la mbao nikalikandika lipu mbele na nyuma, nikalisugua likawa laini kama sahani. Kofraje ikabaki ndani, na mlango ukaishia kifuani mwa mtu mzima.

Padre alipokuja nilijiandaa kusema kila kitu. Alisimama mlangoni, akatoa picha yake mfukoni, akaitazama, akatazama juu, machozi yakamlengalenga. "Mugisho! Umeweka mpaka ule ubao wa juu ya mlango! Na huku chini umefanya pafupi kwa nini?"

Nilifungua mdomo niseme ni woga. Ukatoka uongo. "Ni makusudi, padre. Ili mtu ainame mbele ya Mungu."

Jumapili hiyo alihubiri juu ya mlango wangu kwa muda mrefu kuliko ule tuliouchukua kuujenga. Kikundi cha akina mama, chini ya Mama Nsimire, Mshi, wa kabila langu, aliyekuwa ametubebea maji ya udongo tangu siku ya kwanza, kilimtafuta mtu wa kuchora malaika wawili kwenye lipu yangu. Malaika hao walifanana na kanga wa porini, hata aliyewachora alikiri. Watu wakaanza kuja kila sikukuu, kwa miguu, kutoka Rwekubo, Kabingo, Endiinzi, wengine kutoka Mbarara. Wote waliinama. Wenye ndoo kichwani walizitua kwanza. Mgeni mmoja mkubwa wa dini, mwenye kofia ndefu, aliivua, akapita, akaivaa ndani, na mahujaji wakasema hawajaona unyenyekevu wa namna ile. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni nikihesabu pumzi zake mpaka atoke chini ya tao.

Miaka iliyofuata nilifanya kazi nyingine nyingi. Vyoo vya shimo sitavitaja, ila nasema kwamba mtu asiyeweza kuchimba shimo lililonyooka asiniambie habari za ukuta. Mbarara nilimjengea bwana mmoja nyumba ya vyumba viwili aliyotaka iwekewe nguzo nne kubwa mbele. Tulipomaliza, nyumba ikawa haionekani, akalazimika kuwaelekeza wageni kwamba anaishi nyuma ya nguzo. Nilijenga matao pia. Mbarara kuna sima na nondo, na tao langu lolote nililitia nondo za kutosha kulizuia tembo. Wenzangu waliniita Fundi Mavyuma. Hawakujua kwamba kofraje zote katika kazi zangu zilitolewa na watu wengine, mimi nikiwa nimekumbuka ghafla jambo la haraka dukani.

Mwaka huu magoti yamenikataza jukwaa, nikastaafu, mkaninywesha soda. Sikumaliza hata mwezi. Deo, katekista wa kilimani, akanipigia simu. Yule padre alishafariki zamani, na Deo ndiye anayelitunza kanisa. Alisema lipu ya juu ya mlango imepasuka, malaika mmoja amegawanyika shingo, na injinia amekuja kutoka Mbarara kuangalia. Sikukuu ilikuwa imebaki wiki tano. Nilimwambia awapitishe watu wote mlango wa sakristia, chumba cha kuvalia cha padre, mpaka nifike.

Nilipanda kilima polepole. Kijiji cha Juu kimejaa mabati sasa, na migomba imefika mpaka ukutani mwa kanisa. Kuta zetu ziko palepale, nene, nyeusi kidogo chini kwa mvua. Nilizishika. Nilisikia furaha nisiyoistahili.

Injinia Tumwine, kijana wa Kinyankole mwenye viatu visafi, alikuwa anamngoja fundi. Akaniangalia, akaangalia nyuma yangu kama fundi mwenyewe anakuja. Akasema, "Mzee, mimi naona hii iko mubaya. Hii crack inaonyesha arch imechoka. Mimi naandika ripoti kesho. Hii ukuta ya mbele yote itoke, na watu wasikuje sikukuu."

Deo akashika kichwa. Ukuta wa mbele ukitoka, paa linaufuata, na hakuna mtu kilimani ambaye angeweza kulijenga tena. Mama Nsimire alikuwepo, amezeeka, fimbo mkononi, na wenzake watano na mafagio. Hakulia. Alinitazama tu, akisubiri niseme jambo la kifundi.

Ndani ya kichwa changu nilikuwa na mambo mawili. Kama zile mbao ndizo zilizokuwa zimelibeba tao miaka yote, injinia alikuwa sahihi, na mimi nilikuwa nimewapitisha watoto wa watu chini ya mauti kila mwaka. Kama tao lilikuwa linajibeba, kanisa lingepona. Kulikuwa na njia moja tu ya kujua.

"Sogeeni nyuma," nikasema. "Nyuma kabisa. Na wewe, injinia, usiandike kwanza."

Nikagonga lipu kwa ncha ya nyundo, pale kwenye shingo ya malaika. Ikalia kama ngoma. Nikagonga tena, na kipande kikubwa kikaanguka, na nyuma yake ikamwagika vumbi, kama unga unaotoka kwenye gunia lililotoboka. Nikaingiza mkono. Hakukuwa na ubao. Hakukuwa na kofraje. Mchwa walikuwa wamekula yote, nguzo, kabari na nusu duara, wakaacha njia zao za udongo na ganda la lipu yangu likijishikilia lenyewe kwa mazoea. Tuliwabomolea vichuguu vyao kupata udongo wa kujengea, na wao walikuja kuchukua fidia. Nililiangusha ganda lote kwa mapigo matatu. Malaika wakaenda chini.

Vumbi lilipotua, juu palikuwa na tao la matofali mekundu, jembamba, zima, halina ufa hata wa unywele. Pengine lilikuwa limesimama peke yake tangu mwaka wa pili.

Injinia alisogea, akaligusa kwa kalamu, kisha kwa kiganja. "Banange. Nani alipiga hesabu ya hii?"

"Salvatori. Kwa kamba na chupa ya maji."

"Kale, sawa. Hiyo crack ilikuwa ya lipu tu. Mzee, hii itaishi kuliko mimi. Lakini sasa hiyo mbao mchwa imekula ilikuwa inafanya nini ndani?"

Hapo ningeweza kusema maneno ya kifundi, na watu wangeniamini. Nilichoka. Nikawageukia akina mama, nikawaambia yote: maharage, Salvatori, wiki tatu, lipu, na uongo niliomwambia padre. Nikasema mlango haukuwa wa unyenyekevu. Niliogopa kugonga kabari, basi. Nikasema nimeona aibu miaka hii yote na naomba radhi.

Mama Nsimire akasogea mpaka mbele yangu.

"Fundi, mi nilikuwa nakuonaka. Kila siku unapitaka ku mulango ya sakristi. Nilisemaka, huyu mutu iko na kiburi, anakataa kuinama mbele ya Mungu. Nimekuombeyaka rozari mingi, mingi!"

"Haikuwa kiburi, mama. Ilikuwa woga wa kupita chini."

"Kumbe!" Akawageukia wenzake. "Basi zile rozari zangu zilienda wapi, fasi gani?"

Akacheka, wote wakacheka, hata injinia ambaye sidhani alielewa. Nami nikacheka huku pua inatiririka. Lakini Mama Nsimire alipomaliza kucheka alinyoosha fimbo yake kwenye mlango, uliokuwa sasa mrefu, mtu angepita na ngazi.

"Na batu batainama fasi gani? Batu banatoka Endiinzi na miguu. Utabaambia nini? Kwamba baingie tu sawa vile banaingia sokoni?"

"Mama, nimekwambia ulikuwa uongo."

"Yako ilikuwa uongo. Yetu hapana. Sisi tuliinama kweli. Turudishie mulango."

Ndivyo nilivyorudi kazini nikiwa mstaafu. Chini ya tao kubwa nilisimamisha kofraje mpya, yenye mviringo uliolala zaidi, nikajenga tao dogo, la urefu uleule wa kifua. Mama Nsimire alikuja na kamba kupima, akadai literemke vidole viwili, kwa sababu Deo ni mfupi na miaka yote alikuwa akipita huku ametazama mbele. Nilitumia udongo wa kichuguu. Nondo sikutia hata moja, na nawaandikia haya nikiwa na akili timamu.

Asubuhi ya mkesha wa sikukuu, wiki tatu zikiwa zimetimia, mahujaji wa kwanza walikuwa wameshaanza kupanda, nyimbo zao zikisikika kutoka kwenye migomba. Nilikuwa chini ya tao, nyundo mkononi. Deo akaja, akanong'ona.

"Fundi, tuache tu mbao mpaka sikukuu ipite. Tunapaka lipu kidogo, hakuna mutu atajua."

Sitawadanganya. Nilikubali. Moyoni nilikwisha kubali, na mkono ulikuwa umeshaanza kushuka. Kisha nikaona akina mama wamesimama nyuma ya Deo, na kwa mara ya kwanza niliogopa kitu kingine zaidi kuliko tao.

Nikagonga kabari ya kushoto. Ikatoka. Nikagonga ya kulia. Ikagoma, nikagonga tena, ikaruka. Kofraje ikashuka kidole kimoja, na mwanga ukapita mwembamba kati ya mbao na matofali, kutoka pembe mpaka pembe. Juu yangu kitu kikalia kidogo, kama mtu mzito anayejiweka sawa kitini. Punje chache za udongo zikaniangukia shingoni. Halafu hakuna kilichotokea. Nilingoja, na hakuna kilichoendelea kutokea. Nilivuta mbao nje kwa mikono yangu mwenyewe, nikaziweka kwenye nyasi, nikalia mbele ya watu wote bila kujificha.

"Ingia sasa," akasema Mama Nsimire. "Fundi ndiye anatangulia."

Nikafuta uso, nikanyoosha mgongo, nikaelekea mlangoni kwa heshima zote, na kwa kuwa sikuwahi kuupita mlango ule hata mara moja, nikaligonga tao kwa paji la uso, kwa nguvu iliyowafanya mahujaji wa Rwekubo wakatishe wimbo. Tao halikutikisika. Mimi nilirudi nyuma hatua mbili, nyota zikizunguka.

Mama Nsimire alisogea. Aliniwekea kiganja chake kisogoni, kama mtu anayemwogesha mtoto, akakisukuma kichwa changu chini, na tukaingia.